Mfuko wa Vitunguu

Kitenge kilivuka mpaka kutoka Ariwara,
yadi sita, chenye kanga (ndege, si nguo)
wakikimbizana juu ya manjano.
Nne zilikwenda na harusi ya wifi yangu.
Mbili zililala chini ya godoro
mpaka mwezi wangu wa saba.

Nilizitandaza sakafuni Awindiri,
nikachora kwa kipande cha sabuni,
nikakata kwa mkasi unaotafuna kuliko kukata,
na mlango ukaingiwa na kivuli.

"Unashona nini?"

Kwa watu wetu mtoto hashonewi kabla hajalia.
Kuna kitu kinasikia, husema,
ila hawakitaji jina.
Nikajibu, pini mdomoni:
"Mfuko wa vitunguu, mama."

Mama mkwe akainama.
Akahesabu mifuko ya ndani, midogo saba,
mmoja wa kimo cha chupa,
mmoja wa upana wa kitana.
"Vitunguu vya siku hizi," akasema, "vina mambo,"
akaenda kusonga enyasa.

Bitana niliipata kwa mwavuli
uliovunjika mbavu kwa upepo wa Machi:
weusi wake haupitishi maji,
kutoka juu wala kutoka kwa mtoto.
Mkanda wa bega ni wa begi la shule la Anguyo,
jina lake bado lipo, wino umefifia,
darasa la tano, herufi zimelala upande
kama yeye alivyo hadi leo akichoka.

Cherehani ilikuwa ya Bi Zamzam wa Oli.
Ikifika penye pindo nene huruka mishono miwili,
huhema, huendelea.
Tumbo lilinizuia kuifikia sindano,
nikajifunza kushona kwa ubavu,
mguu mmoja ukikanyaga,
na ndani, mguu mwingine, si wangu,
ukikanyaga pia.

Umeme ulikatika. Nikabana simu kwa kidevu.
Ndiyo maana mfuko wa mbele
kanga wake wamesimama kichwa chini.
Niliuona asubuhi.
Sikufumua.

Mabaki hayakukubali kutupwa:
kitandiko cha kubadilishia nepi,
vitambaa vitatu vya udenda,
soksi, kikofia.
Uongo nao ukahitaji mabaki.

"Na hivi?"
"Vya kushikia sufuria ya moto."
"Viwili tu? Vidogo hivi?"
"Sufuria ndogo, mama."
"Na hiki cha mviringo?"
"Kifuniko cha chupa ya chai."
Alikitia kwenye ngumi yake, akakizungusha polepole,
muda mrefu kuliko chupa yoyote ya chai inavyostahili.

Kilichobaki ni zipu.
Dukani bei yake ilikuwa ya kilo ya sukari,
na sukari tulikuwa tunaisikia kwa majirani.
Nikapiga bandi mdomo wa mfuko, nikalala.

Kulipokucha, juu ya cherehani,
zipu ya rangi ya kahawa, ndefu,
nyuzi za mshono wa zamani zikining'inia kandokando.
"Vitunguu vikimwagika njiani," alisema nje, akifagia,
hakugeuka,
"nani ataviokota?"

Jumapili ile alikwenda kanisani
gauni limefungwa mgongoni kwa pini nne.
Nilikaa nyuma yake nikazitazama ibada nzima.
Mahubiri yalihusu nini, sijui.

Usiku wenyewe ulikuja na mvua.
Mimi nilipanda boda, yeye akafuata kwa nyingine,
mfuko kifuani, chini ya kanga yake (nguo, sasa, si ndege).
Zipu haikuteleza. Bitana haikulowa.

Alfajiri nesi akauliza,
mikono imejaa kitu chekundu chenye hasira:
"Haya, nguo za mtoto ziko wapi?"

Mama mkwe akafungua.
Akapita sufuria, akapita vitambaa,
akatoa kile cha mviringo, akakinyoosha kwa vidole viwili.

"Sina nguo," alisema. "Nina kifuniko cha chai,"
akamvisha mjukuu wake
mpaka kwenye nyusi.